Pembe ya Mota

Muthiani aliileta kwa kamba, nyuma ya pikapu ya shemejiye,
asubuhi ya mvua, Barabara ya Kirinyaga imejaa maji ya rangi ya chai.
"Umeivuta magurudumu yote yakiwa chini?"
"Sasa ningeibeba?"
Hii haivutwi kama ng'ombe, nikamwambia. Ikizungushwa inazaa umeme.
"Haiwezi kuzaa. Wamesema mota imekufa."
Nani wamesema?
"Wa Ngara. Wa Baba Dogo. Na yule mwenye koti jeupe."
Na bei?
Akaitaja akitazama kiatu chake.
Nilifunga mdomo. Hiyo ilikuwa karo ya mtu.

Kompyuta yangu ina ufa kwenye kioo
lakini inasoma. P, sufuri, A, tatu, F.
Sensa ya mota, nikasema, kama tusemavyo gereji.
Akashtuka: "Serikali inahesabu nini tena?"
Tukacheka kidogo, kicheko cha watu wawili
ambao mmoja atamlipa mwenzake.

Nikachomoa plagi ya rangi ya machungwa, ile ya betri kubwa,
nikaitia mfukoni. Mfuko wangu.
Mwaka juzi fundi mmoja aliiacha juu ya kiti
na kijana mwenye bidii akairudisha mahali pake.
Sisemi zaidi.
Kisha dakika kumi.
Umeme una tabia ya mgeni: ameshaaga, bado yupo mlangoni.
Muthiani hakuelewa kwa nini nimesimama tu, mikono nyuma.
Alitaka kuona nyundo.
Watu hulipia nyundo.

Basi nikamweleza, kupitisha muda:
mle ndani kuna koili tatu za shaba.
Moja inauliza, mbili zinajibu,
na swali ni lile lile: rota imeelekea wapi?
Pembe gani sasa, na sasa, na sasa.
Bila jibu, gari halithubutu kutuma nguvu.
Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea gizani:
ukikosea wakati, meno yake yatakuambia.

Nikapima. Omu tisa. Kumi na nne. Kumi na nne na nusu.
Nzima.
Nikapima tena, maana uzima nao huongopa.
Nzima.
Nikaupinda waya kwa vidole viwili, polepole,
kama mtu anayegeuza shingo ya kuku asiyetaka kumchinja,
na namba ikaruka.
Ikapotea.
Ikarudi.
Kerubo, lete tochi. Karibu. Usipumue hapo.

Ndani ya soketi pini moja ilikuwa imevaa kijani.
"Uliosha injini?"
Lori la saruji likapita, likatupa kisingizio cha kunyamaza.
"Kulikuwa na harusi," akasema. "Binti ya dada yangu.
Nilitaka ing'ae hata ndani."
Kwa presha?
"Kwa presha."

Mota yako haijafa, nikamwambia. Haijaugua hata mafua.
Kilichooza ni habari zake, njiani.

Brashi, dawa, pini ya gari lililopondwa Mlolongo,
grisi kidogo, plagi kutoka mfukoni.
Akabonyeza. Akangoja.
"Haijawaka."
Imewaka.
"Mbona kimya?"
Kanyaga.
Ikateleza juu ya yale maji ya chai bila neno,
naye akapiga honi mara tatu, kwa niaba yake.
Elfu mbili kwa simu, salio Ijumaa. Tutaona.

Usiku, nikisugua kucha kwa sabuni ya unga,
sikuwacheka wale watatu.
Mwaka wangu wa kwanza, Kayole, nami niliua mota ya mtu
kwa mdomo tu, bila kupima,
na mwenyewe akaniamini, akaiuza kwa kilo.
Mama mmoja, muuza mitumba. Alinishukuru.
Huenda iko mahali sasa hivi, inazunguka
chini ya gari la mtu nisiyemjua,
na inajua pembe yake.